Forodha na Kitabu cha Kutuliza Akili

Mama mdogo wangu hufanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali kubwa. Kwa miaka kumi na tisa amesimama mbele ya meza ile ile ya bati, mgongo kwenye ukuta wenye unyevu, uso kwenye mlango ambao toroli huingilia. Mifuko ya nguo chafu hushushwa kutoka wodini na kumwagwa mezani, na yeye hupitisha viganja juu ya kila shuka, kila foronya na kila gauni la chumba cha upasuaji kabla halijatupwa kwenye mashine. Wagonjwa husahau vitu. Madaktari nao husahau. Kwenye meza ile ameshatoa miwani, pete, vijiko, sindano, funguo, kalamu zisizo na idadi, na siku moja kifaa cha kusikilizia kidogo kama punje ya haragwe, ambacho mwenyewe alikuwa amekililia siku mbili.

Mpiga pasi, mwanamume mnene anayelisha mashuka kwenye rola la moto upande wa pili wa chumba, ndiye aliyempa jina la Forodha. "Kwa huyu mama hapiti mtu bila kukaguliwa," huwaambia wageni. "Hata ukija na dhambi zako kwenye mfuko wa nyuma, atazitoa aziweke mezani." Jina likashika. Sasa hata ratiba ya zamu ukutani humwandika Forodha, na muuguzi akipiga simu kuulizia saa iliyopotea, haulizi chumba cha kufulia. Anauliza, "Forodha yupo?"

Naanza na haya kwa sababu watu wakimwona wanadhani kazi yake ni ya mikono. Ni ya kichwa. Kutwa nzima kichwa kinasema: laini, laini, mshono, kifungo, laini, kigumu, simama. Saa nane mchana anavua aproni na kurudi nyumbani kwa miguu, lakini kichwa hakivui aproni. Nikienda kumsalimia, kabla hajanipa mkono ameshanigusa mfuko wa shati. Hajui kama anafanya hivyo.

Nyumbani ana vyumba viwili na jiko la kusimama mtu mmoja. Chumba cha kwanza, chenye dirisha, ni cha mama yake, yaani bibi yangu. Bibi alianguka bafuni miaka minne iliyopita akavunjika nyonga, na mfupa haukurudi ulivyokuwa. Kilipofanyika kikao cha familia cha kuamua akae kwa nani, mjomba, ambaye ndiye mkubwa wao, alisema nyumba yake ina ngazi. Mama yangu, wa pili, alisema ana watoto wanaosoma. Kisha wote wawili wakamgeukia wa mwisho. Yeye hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na ngazi. "Wewe una nafasi," mjomba alimwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Nilikuwepo kwenye kikao kile. Mimi ni mmoja wa hao waliokuwa wanasoma, na nilinyamaza.

Bibi si mgomvi wala hachagui chakula. Ana jambo moja tu: anaita. Akibaki peke yake chumbani, hata kwa muda wa maji kuchemka, anashikwa na hofu kwamba ameachwa.

"Upo?"

"Nipo, mama."

Inapita dakika mbili, tatu.

"Upo?"

"Nipo."

Asubuhi, mama mdogo akiwa kazini, jirani yake mshonaji huweka cherehani mlangoni na kuitikia kwa niaba yake huku akishona. Kuanzia saa nane na nusu zamu ni ya mwenyewe. Siku moja nilikaa pale nikahesabu, kwa utani. Kati ya saa tisa na saa ya kuwasha taa, bibi aliita mara sitini na tatu. Nilipofika sitini utani uliniisha.

Sasa, Jumapili moja alasiri, mama mdogo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda akimnywesha mama yake maziwa kwa kijiko. Magoti yao yalikuwa yanagusana. Bibi akameza, akaangalia ukuta, akasema, "Upo?"

"Nipo, mama. Si huyu hapa nakunywesha."

Kijiko kingine. "Upo?"

Mkono wa mama mdogo ukanyanyuka. Ulikuwa mkono wa kulia, kiganja wazi, mpaka usawa wa bega. Haukushuka. Lakini bibi aliuona, akajikinga uso na kufumba macho, haraka, kama mtu aliyekwisha kufikiria kwamba siku hiyo ingefika. Ile haraka ndiyo iliyomuumiza mama mdogo. Aliweka bakuli chini, akaenda jikoni, akampigia simu mjomba.

"Kaka, nimemnyanyulia mama mkono."

"Umempiga?"

"Sijampiga. Nimenyanyua."

"Basi hujampiga."

"Kaka, sikia ninachokwambia. Naogopa mara ya pili."

"Mdogo wangu," mjomba alisema, "wewe una mawazo mengi. Toka utotoni. Akili yako haitulii."

Baada ya wiki moja msaada ukafika. Ulikuwa kitabu.

Mjomba na mama yangu walishauriana, wakakubaliana, na mimi nikatumwa dukani kukinunua. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikiamini kwamba hakuna shida ambayo haijaandikiwa kitabu. Nikachagua kimoja chenye jalada la buluu na picha ya maji yaliyotulia. Kiliitwa *Kimya Kinachokungoja*. Nyuma yake mwandishi alikaa juu ya jiwe, amevaa shati jeupe, paji la uso laini kama sahani. Mjomba aliandika ndani kwa kalamu ya wino: "Kwa mdogo wetu mpendwa. Jifunze kutulia."

Nilipompelekea, mama mdogo alikishika kama anavyoshika kila kitu. Alipitisha viganja juu ya jalada, akakipeperusha, akakitikisa kichwa chini. "Hakina kitu," alisema.

"Kina maneno, mama mdogo."

"Haya. Maneno nayo tutayakagua."

Nataka ieleweke kwamba hakukidharau. Nimeona watu wakisoma vitabu vya namna ile kwa kupitisha muda, wanasoma kurasa kumi na kuviacha kwenye kiti. Yeye alikisoma na penseli mkononi, polepole, midomo ikicheza, akipiga mstari chini ya kila alichoagizwa. Alikuwa na mkono wa kuuogopa. Sidhani kama mwandishi yule aliwahi kupata msomaji aliyemhitaji zaidi.

"Sikiliza hapa," aliniambia Jumamosi ya kwanza. "Anasema, 'Kelele unazozisikia haziko duniani. Ziko ndani yako. Dunia yenyewe iko kimya.'"

"Upo?" bibi aliita kutoka chumba cha kwanza.

"Nipo, mama." Akarudi kwenye mstari. "Dunia yenyewe iko kimya. Aya inayofuata…"

"Upo?"

"Nipo. Aya inayofuata anasema tuvute pumzi."

Zoezi la kwanza lilitaka dakika ishirini kila siku, kiti, mgongo ulionyooka, na mlango uliofungwa, "mahali ambapo hutaitwa." Alilipigia fungu hilo mistari miwili. Kisha aliinuka akazunguka nyumba yake, vyumba viwili na jiko, akitafuta mahali hapo. Mwishowe akasimama mbele ya kitanda cha mama yake.

"Mama, nafunga mlango dakika ishirini. Nipo hapa hapa, ila usiniite."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nakaa tu."

"Unakaa unafanya nini?"

"Nanyamaza."

Bibi alilifikiria jambo hilo. "Si unyamazie hapa."

"Kitabu kinataka mlango ufungwe."

"Kitabu cha nani?"

"Amenunua kaka."

"Ah," bibi alisema, kwa heshima, maana mjomba ni mwanawe wa kwanza. Mama mdogo akafunga mlango, akakaa, akanyoosha mgongo. Nilikuwa jikoni nikiangalia saa. Dakika ya tatu sauti ya bibi ilikuja taratibu, kama ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Umeshanyamaza?"

Akajaribu bafuni, lakini bibi alimsikia akifunga komeo na kudhani ameanguka. Akajaribu alfajiri, kabla ya kazi, lakini bibi alikuwa na masikio yanayotambua mguu wa kiti ukisogea sakafuni. Akajaribu kuitikia "nipo" huku amefumba macho bila kukatisha pumzi, na kwa siku mbili tatu alidhani amepata njia, mpaka bibi alipomwambia jirani mshonaji kwamba binti yake siku hizi anaitikia kama maiti.

Ndipo alipofika sura ya nne, iliyohusu kazi. Mwandishi aliandika kwamba mtu asiye na chumba cha kimya anaweza kutulia hata akifanya kazi za mikono. Mawazo, alisema, ni wageni wanaopita mbele ya nyumba yako. Usiwasimamishe. Usiwaulize wanatoka wapi wala wamebeba nini. Waache wapite.

Mtu mwingine angesoma hivyo asione neno. Lakini huyu ni Forodha. Alinieleza baadaye kwamba aliposoma mahali pale alihisi amekaripiwa kwa maisha yake yote. Kumbe huo ndio ugonjwa, alijiambia. Miaka kumi na tisa nasimamisha kila kitu nauliza kimebeba nini. Ndiyo maana sipumziki.

Akaanza kufanya mazoezi kwenye meza ya bati. Viganja viliendelea kupita juu ya mashuka, ila aliacha kufuata kile vilichosema. Wiki ya kwanza hakuweza. Wiki ya pili aliweza kidogo, pumzi kumi, pumzi kumi na tano. Mpiga pasi aliona.

"Forodha, leo mbona hunigombezi?"

"Nakuacha upite."

"Nipite niende wapi? Mimi nipo na rola langu hapa tangu asubuhi."

"Basi simama. Nakuacha usimame."

"Huyu ameokoka au ameshtakiwa," mpiga pasi aliuambia ukuta.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, ikaja. Anaikumbuka vizuri kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo kitabu kilifanya kazi. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi, huku mifuko ya wodi ya wanaume ikimwagwa mbele yake, kichwa chake kilinyamaza. Anasema ilikuwa kama kelele ya jokofu inapozimika, ndipo unapojua ilikuwa inanguruma. Hakukuwa na laini wala kigumu. Hakukuwa na "upo." Mikono ilikwenda na kurudi, mashuka yakaenda. Alitabasamu peke yake. Alimwazia mama yake bila hasira na bila hofu, na hata mawazo hayo akayaacha yapite.

Halafu mashine namba mbili ikaanza kugonga. Kwa. Kwa. Kwa. Kitu kigumu kilikuwa kinajipiga ndani ya pipa.

Siku nyingine angeruka kuizima kabla ya pigo la pili. Siku hiyo aliisikia sauti, akajua kwamba ameisikia, na akafanya alichofundishwa. Aliitazama kama mgeni anayepita mbele ya nyumba. Hakuiuliza inatoka wapi. Akavuta pumzi.

Mpiga pasi ndiye aliyeizima. Alikuja na kijiti cha kuvutia nguo, akatoa mashuka yanayofuka mvuke, akapekua, na kuweka juu ya meza ya bati meno ya bandia ya juu na ya chini. Ya juu yalikuwa yamekatika vipande viwili. Ya chini yalikuwa yamepinda kwa moto kama ganda la chungwa lililokauka.

Hakufanya mzaha mara moja. Alimtazama kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Forodha. Leo umefungua mpaka."

Msimamizi aliandika taarifa ya ukurasa mmoja, lakini halikuwa hilo lililompeleka mama mdogo ghorofa ya pili. Alikwenda mwenyewe, meno ameyafunga kwenye kitambaa safi. Mwenye meno alikuwa mzee mwembamba, fundi saa aliyestaafu, mashavu yameingia ndani. Alikuwa ameyavua kulala, yakazama kwenye shuka, na wahudumu wakakunja shuka asubuhi wakiwa na haraka.

"Mimi ndiye ninayekagua," mama mdogo alimwambia. "Yalipita mikononi mwangu. Nimekuja kukuomba radhi, mzee wangu."

Mzee alifungua kitambaa, akajaribu kuunganisha vipande kwa vidole vyembamba vya fundi, akaona haviungiki. Maneno yake yalitoka laini, bila kingo, kwa sababu hayakuwa na meno ya kuyakata.

"Wanasema wewe hupitwi na kitu."

"Leo nimepitwa."

"Ulikuwa unawaza nini, mwanangu?"

"Nilikuwa siwazi kitu, mzee."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeangalia saa iliyosimama. "Basi uwe unawaza," alisema. "Usiniache peke yangu nikumbuke kila kitu. Mimi nimeshazeeka."

Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Kilichomchosha, alinisimulia, si lawama, kwa sababu mzee hakumlaumu. Kilichomchosha ni kwamba kimya alikipata. Alikionja kwa saa nzima, kikawa kitamu kuliko alivyotarajia, na mtu mwingine sasa atakula vyakula vya kusagwa kwa sababu yake. Na alipofika nyumbani saa nane na nusu, akaweka pochi mezani, bibi akaita "Upo?", mkono wake wa kulia ulitaka kunyanyuka vile vile kama ile Jumapili. Kimya hakikuwa kimemsubiri nyumbani. Kilibaki kwenye pipa namba mbili.

Nimekisoma kitabu kile mara mbili tangu siku hiyo. Nilikuwa natafuta ukurasa mmoja tu unaouliza: ni nani anakuita, na kwa nini anakuita wewe peke yako? Haupo. Kina kurasa mia mbili na arobaini, na ndani yake yupo mtu mmoja tu, amefumba macho. Hana mama wala kaka, na hajui zamu ni nini. Kila kinachomlemea kimewekwa ndani ya fuvu lake, ili wengine wote waende zao mikono mitupu. Nikaitazama tena picha ya nyuma, mwandishi juu ya jiwe na lile shati lake jeupe. Shati lile lilifuliwa na mtu. Mtu huyo alisimama mahali fulani mbele ya meza fulani akakagua mifuko yake. Kitabu hakimtaji. Na mimi niliyekichagua nilikuwa nimesoma miaka kumi na minne bila kufundishwa kumuuliza huyo habari zake.

Kitabu kilikuwa na sehemu ya mwisho. Ilikuwa kurasa thelathini tupu zenye mistari, zilizoitwa "Daftari la Kimya." Juu ya kila ukurasa palichapwa namba ya siku na swali moja: "Leo nilipata utulivu wapi?" Msomaji alitakiwa kujaza mwenyewe.

Mama mdogo alizijaza. Jioni ya Ijumaa iliyofuata nilimkuta mezani na rula na penseli, amechora mistari kama ya ratiba ya zamu iliyo ukutani kazini kwao, safu ya siku, safu ya saa, safu ya mhusika. Jumatatu mpaka Ijumaa aliandika "mimi." Jumatano jioni aliandika "mwanachuo," akanitazama juu ya miwani yake.

"Jumatano una kipindi?"

"Sina."

"Nilijua huna."

Kwenye kila Jumamosi aliandika "kaka," na kwenye kila Jumapili "dada," saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Chini yake akaandika maelekezo kwa herufi kubwa: mama anakula saa saba, anageuzwa kila baada ya saa mbili, mto uwe chini ya goti la kushoto. Mstari wa mwisho ulisema, "Akiita, itika." Akapiga picha kurasa nne za kwanza na kuzituma kwenye kundi la familia.

Mjomba alijibu kwanza. "Hii ni nini?"

"Ni kitabu mlichoninunulia. Nimefika mwisho."

"Mdogo wangu, kile kitabu ni cha kutuliza akili."

"Ndiyo, kaka. Wameuliza nitapata utulivu wapi. Nimewajibu."

Nilikuwa nimeshafika nyumbani kwetu, nimekaa karibu na mama yangu. Nilimwona akiandika, "Jumapili huwa nina shughuli," kisha akaitazama sentensi hiyo, akaifuta herufi kwa herufi, akaiweka simu kifuani. Hakuniangalia.

Mjomba akaandika tena. "Na wiki ambayo sitaweza?"

Safari hii mama mdogo hakuandika. Alituma sauti, na sauti hiyo bado ninayo. Haina hasira. Ni ya mtu aliyekaa chini baada ya kusimama siku nzima. "Wiki ambayo hutaweza, kaka, mpigie mama mwenyewe umwambie. Mimi nimechoka kumwambia mtu kwamba naogopa mkono wangu, ananiletea kitabu."

Nyuma ya maneno yake inasikika, mbali kidogo, "Upo?" Na "nipo" yake ndiyo inayofunga sauti hiyo.

Baada ya saa nzima mjomba akaandika: "Jumamosi saa mbili. Sawa."

Alikuja na gazeti na chupa ya chai, amevaa shati la kwendea kazini, maana hakujua mtu huvaa nini kwa kazi kama ile. Mama mdogo alimwonyesha mto, kikombe chenye mdomo, na namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta bega. Akachukua kitabu chake, akaja kwetu. Mama yangu alimpa chumba changu. Mlango ulifungwa, kiti kikawekwa katikati, na nyumba nzima ikaambiwa itembee kwa vidole. Alitaka kukipa kitabu nafasi yake ya haki. Sasa hakukuwa na mtu wa kumwita.

Alitoka baada ya dakika kumi na mbili.

"Imekuwaje?" mama yangu alimuuliza.

"Najisikia naitwa." Alisugua macho. "Hakuna anayeniita na mimi naitika. Dada, nisaidie mto."

Akalala kwenye mkeka, chumbani kwangu, mchana kweupe, kwa muda wa saa tano na nusu bila kugeuka. Kitabu hakina sura inayohusu kulala, nilikagua. Simu yake iliita mara moja, na mimi ndiye niliyeipokea. Alikuwa mjomba, anaongea kwa kunong'ona.

"Anaita kila dakika. Nimjibu nini?"

"Mjibu kwamba upo, mjomba."

"Nimeshamjibu."

"Imeandikwa akiita, itika. Haijaandikwa mara ngapi."

Akakata.

Jioni nilimsindikiza mama mdogo kurudi kwake, alama ya mshono wa mto bado iko shavuni. Tulifika mapema kidogo, jua likiwa juu ya mabati ya nyumba za jirani. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, viatu amevua, shati limechomoka. Gazeti lilikuwa pembeni yake, limekunjwa vile vile alivyolileta. Hakutusalimu. Alikuwa anaangalia kiganja chake cha kulia kama mtu aliyekiokota njiani.

"Amekula?" mama mdogo aliuliza.

"Amekula." Akakifumba kile kiganja. "Mdogo wangu, saa kumi hivi. Nilikuwa namgeuza. Amenishika shingo, ananiangalia usoni kabisa, anauliza kama nipo. Nusura nim…"

"Najua," mama mdogo alisema.

Akakaa kwenye kizingiti karibu naye. Kilikuwa chembamba kwa watu wawili, wakabanana. Mimi nilibaki nimesimama na kile kitabu mkononi. Mjomba akakiona, akalitazama jalada, yale maji ya buluu yasiyo na mtu.

"Hapo kinasemaje?" aliuliza. Hakuwa anatania.

"Hakisemi kitu, kaka. Nimekikagua chote."

Kutoka ndani bibi akaita. "Upo?"

Wote wawili walifungua midomo. Mama mdogo akaangalia saa yake ya mkononi, kisha akafunga wake. Saa kumi na mbili ilikuwa bado dakika kumi.

"Nipo, mama," mjomba alisema, na akainuka kwa kushika mlango.